Kahawa ya Izimbya Pindoni mwa Khanga

Nyinyi vijana mnaotembeza wageni pale Bukoba, nimewaona. Mnasimama uwanja wa ndege na vibao vya majina, simu mkononi, ramani ndani ya simu, hata historia ya Kashozi mnaisoma humo humo huku mgeni anawasubiri. Siwacheki. Ningekuwa na simu hiyo wakati wangu, ningezeeka polepole zaidi. Ila juzi mmoja wenu aliniambia, "Ma Kemi, enzi zenu kazi ilikuwa rahisi, wageni wenyewe si walikuwa wachache?" Nilikasirika nikamwambia aende zake. Sasa hasira imepoa, nimekaa, nimepata la kumjibu. Magoti yananiuma na kumbukumbu zangu hazikai kwenye mstari, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka.

Wachache, ndiyo. Lakini mgeni mmoja wa miaka ile alikuwa mzigo kuliko basi zima la wageni wenu. Kwanza vilikuja vita, na wenzetu wa ng'ambo ya Mto Kagera wakateremka kwetu na magodoro kichwani. Vita vilipokwisha, kabla hatujamaliza kuezeka upya, ukaingia ugonjwa, huu ambao leo unaitwa Ukimwi. Tuliuita Juliana, jina la mashati ya fasheni yaliyokuwa yakivushwa mpakani, kwa sababu waliovaa mashati hayo ndio tuliowaona wakianza kukonda. Mwanzoni watu walilitania jina hilo kwenye vilabu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Baadaye wale wataniaji wenyewe tukaanza kuwazika.

Mimi niliajiriwa na hoteli moja kando ya ziwa, kazi yangu ikiwa kupokea wageni na kugawa funguo. Wakati wa vita wageni wetu walikuwa maofisa wa jeshi, na hao hawakuhitaji kutembezwa. Baadaye meneja akaniambia, "Kemilembe, wewe unaongea mno, nenda ukaongee na wageni barabarani." Nikawa mtembeza wageni. Sikuwa na cheti cha utalii, nilikuwa na mdomo.

Aliyenifundisha kazi ni Ta Ishengoma, dereva wa Land Rover ya hoteli. Wakati wa vita alisomba watu kutoka kaskazini ya mto kuwaleta Muleba, akavijua vizuizi vya barabarani kuliko alivyojua sala zake. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: ukiona watu wamesimama barabarani, simama mbali, zima injini, shuka kabla hujaambiwa, mikono ionekane, na salamu itangulie. Alinirudia maneno hayo kila tulipopanda gari, mpaka nikawa nayasema naye kwa kumwigiza.

Niliacha kumwigiza siku tuliyombeba mwalimu mmoja wa sekondari aliyependa kutazama korongo na bata wa ziwani. Vita vilikuwa bado havijapoa, na yeye yuko na darubini shingoni na kitabu cha michoro mkononi. Mgambo wakamwona jasusi aliyekamilika. Mmoja alikuwa na bunduki, na kidole kilikuwa pale ambapo hakikutakiwa kuwa. Ta Ishengoma alishuka taratibu, akawasalimu wote, akamwomba mkubwa wao atazame kwenye ile darubini. Mkubwa akamwona korongo juu ya paa la ghala, mpaka macho yake na mdomo wake. Akacheka, akawaita wenzake. Tulikaa pale mpaka kila mgambo amemwona korongo, na kuipata darubini yetu tena ikawa kazi nyingine.

Somo la pili lilikuja na ugonjwa. Kila asubuhi, kabla ya kupima oili, Ta Ishengoma alikwenda sokoni kwa akina mama wauza ndizi kuwauliza leo wanazika wapi. Kwetu Buhaya mtu huzikwa kibanjani kwake, kati ya migomba, na vibanja vingi vinapakana na barabara. Gari likikuta watu wanazika husimama. Injini huzimwa, watu hushuka, wanatoa pole, wanatia udongo, ndipo wanaendelea. Kupita huku gari linanguruma ni kuwaambia wafiwa kwamba wanayemzika hakuwa mtu. Zamani msafiri aliweza kumaliza mwezi mzima bila kukutana na jambo hilo. Miaka ile mlisimama, mkapanda, mkasimama tena. Kwa hiyo safari za starehe tulizipanga kwa kukwepa misiba: wakizika upande wa Kashozi, wageni tuliwapeleka visiwani, visiwani kukiwa na upepo, tulikwenda Izimbya. Meneja alikuwa na ratiba nzuri ukutani, imepigwa taipu. Tuliifuata siku ambazo ilipatana na wauza ndizi.

Halafu kulikuwa na kamera. Walikuja watu kutoka mbali wakapiga picha za majeneza, na za wagonjwa waliolala mikekani, wakaondoka bila hata kuuliza majina. Wanakijiji wakaanza kumwogopa mtu mwenye kamera kuliko mtu mwenye panga. Nayasema haya kwa sababu juzi nilimwona mmoja wenu akirusha ile kamera ya kuruka juu ya msiba, eti mgeni ameomba. Usirudie. Ingekuwa zamu yangu ungerudi nyumbani huna meno.

Basi, ndani ya miaka hiyo, meli ya Mwanza ikatushushia mtu na mkewe. Bwana Mshana alikuwa fundi wa reli kutoka Morogoro, na mkewe, Bi. Rehema, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa na mpango ambao sijauona kwa watu wengine: kila likizo, mkoa mmoja wa nchi hii. Walikwishaoga baharini Lindi, wakapanda milima ya Lushoto, wakala zabibu Dodoma, wakalala kwenye baridi ya Mbeya hadi bwana akapata kikohozi cha kurudi nacho. Alikuwa akisimulia kila mkoa kana kwamba ameununua. Kagera waliiweka mwisho. Yeye alisema ni kwa sababu ya umbali. Mkewe alikivuta kikapu chake karibu.

Mimi niliijua sababu tangu gatini, kwa kukiona kikapu. Bi. Rehema alikuja na biskuti, karanga, chupa ya chai, sahani yake, kijiko chake na kikombe chake kilichofungwa kwenye kitambaa. Hotelini tulipomwekea matoke na sato aliyetoka majini asubuhi ile, alituambia asante, tumbo lake halijatulia. Akala karanga. Mumewe kwa aibu akala sahani zote mbili. Kesho yake hivyo hivyo. Watu wa nje waliamini ugonjwa wetu uko kwenye maji, kwenye vyombo, hata kwenye mikono yetu, na wapishi wetu walikwishazoea kuziona sahani zikirudi jikoni zimejaa. Ila maumivu yake hawakuyazoea.

Na mimi niliumia zaidi kwa sababu hawa walikuwa wageni wa likizo. Kwa muda mrefu tulipokea madaktari, watafiti na watu wa mikutano, watu waliokuja kwa ajili ya ugonjwa. Hawa wawili walikuja kufurahi. Nilitaka jambo moja tu kwao: warudi Morogoro wazima, na wakiulizwa Kagera kuna nini, wataje vilima na visiwa na watu wanaoishi, wasitaje makaburi peke yake. Mke aliyekuja na sahani yake hakunipa matumaini.

Izimbya tuliwapeleka kwa Bibi Koku, mama mmoja mzee aliyekuwa bado anakaa kwenye msonge, ile nyumba yetu ya duara ya nyasi toka juu hadi chini. Wageni wote walimpenda. Ndani alitandika majani mabichi, akatuketisha, akaleta kakikapu kadogo kenye kifuniko. Ilikuwa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Nyinyi mnaiuza kwenye vipakiti stendi, lakini pengine hamjui mama zenu walivyohangaika nayo: inachumwa mbichi, inachemshwa na majani ya dawa, inaanikwa mpaka ikauke kabisa. Bibi Koku akachukua punje moja, akaitafuna mbele yetu, akatema ganda, ndipo akatunyoshea kikapu. Ndiyo desturi. Iwe kahawa au rubisi, anayetoa huonja kwanza, ili anayepokea aone hapewi sumu.

Bi. Rehema aliganda. Kuikataa kahawa ya nyumba, miaka ile, ilikuwa ni kusema nyumba hii ina Juliana. Nikamnong'oneza hila niliyofundishwa na Ta Ishengoma: pokea kwa mikono miwili, shukuru, funga pindoni. Si lazima utafune hapo hapo. Akapokea, akafunga pindoni mwa khanga yake. Bibi Koku akatabasamu. "Atatafuna njiani," akasema. "Kahawa haiozi, waitu."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa, kikohozi kirefu kisicho na nguvu.

"Ni mwanangu," Bibi Koku akasema. "Anawasalimu. Hawezi kuamka."

Bi. Rehema akauliza kwa sauti ndogo, "Nani anamlisha?"

"Mimi, mwanangu. Kwa mkono huu." Akaunyosha mkono ule ule uliotupa kahawa.

Bi. Rehema aliutazama mkono ule hadi ikawa aibu. Mimi damu ilinichemka. Nilisema moyoni, mama huyu ana kinyaa, na atakwenda kukisimulia Morogoro nzima. Nikawaharakisha tupande gari.

Tukashuka Muleba, tukavuka kwenda visiwani. Bwana Mshana alifurahi sana kule. Wavuvi waliotoka Mara na Kigoma na kila mahali walimfundisha kuvuta nyavu, wakamcheka alipoteleza akaingia majini na saa yake. Walitubanikia samaki ufukweni. Mkewe akala karanga, na kila mara nilimwona akiligusa lile pindo la khanga, kama mtu aliyefunga nauli yake pale na anaogopa kuibiwa.

Tulipokuwa huko, habari zikaja kwamba kaka yake Ta Ishengoma amefariki. Akaondoka siku hiyo hiyo kwenda kuzika. Hoteli ikatutumia dereva wa kuazima, Masanja, mtu wa Shinyanga, mpole na mwendeshaji mzuri. Hakujua desturi za kwetu, na asubuhi ya kurudi tulitoka moja kwa moja ufukweni, hapakuwa na soko wala wauza ndizi wa kuwauliza chochote.

Ilikuwa Buganguzi, kwenye kona yenye migomba pande zote mbili. Tulikunja kona tukakuta watu wamejaa barabarani, wamefunga majani ya migomba viunoni. Nilifungua mdomo kumwambia Masanja azime. Yeye akapiga honi. Aliipiga ndefu, ya Shinyanga, ya kufukuza ng'ombe, na gari likasogea mbele kidogo.

Sijasahau sura zilizogeuka. Vijana wakatuzunguka na majembe yao yenye udongo mbichi. Mkono ukaingia dirishani ukachomoa ufunguo. Mwingine ukaushika mkanda wa kamera shingoni mwa Bwana Mshana, na maskini alikuwa ameisahau kabisa, ilikuwa inaning'inia tu.

"Haya, piga! Si mmekuja kupiga picha? Kaburi hilo hapo, piga!"

"Mtatuua mara ngapi nyinyi?"

Jiwe likagonga boneti. Nikashuka, mikono juu, nikasalimu kwa Kihaya, nikaomba radhi kwa niaba ya dereva. Niliogopa, vijana. Majembe yale yalikuwa mikononi mwa watu waliochoka kuchimba makaburi, na hakuna mtu wa kuogopwa kama huyo.

Watu wakafungua njia, akatokea baba mwenye msiba. Walimwita Ta Kashaga. Alikuwa mtu mzima, peku, macho yamemvimba. Nikaanza tena kueleza. Akaninyamazisha kwa mkono, akaongea Kiswahili ili wageni wasikie.

"Wewe ni wa hapa, sina neno na wewe. Nyamaza. Aseme huyo mama." Akamwelekea Bi. Rehema aliyekuwa bado ndani ya gari. "Mama, namzika binti yangu. Ni wa tatu na ni wa mwisho. Mbwenu, sasa niambie, umekuja kutazama nini kwangu?"

Mumewe alimshika mkono asishuke. Akajitoa, akashuka. Nikaona vidole vyake vinahangaika na pindo la khanga. Alipolifungua, akamwendea Ta Kashaga, akapiga magoti juu ya lile vumbi, akanyosha mikono miwili na kahawa ya Izimbya ndani yake.

"Pole, baba. Sina kingine. Hii nimepewa kwenu huku huku."

Halafu mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Sumu hiyo."

Alikuwa hajaonja. Mgeni asiyejulikana, gari lililopiga honi msibani, kamera, na sasa kahawa iliyotolewa bila kuonjwa. Neno moja tu la kumnong'oneza lingetosha. Nikasogea, na mpini wa jembe ukasimama mbele ya kifua changu. "Umeambiwa unyamaze."

Ta Kashaga hakuinyosha mikono yake. Alisubiri. Watu wakaanza kunung'unika, na nikamwona Masanja amefumba macho akiomba.

Bi. Rehema akaitazama kahawa. Akairudisha kifuani kwake, na manung'uniko yakapanda, watu wakidhani anaificha. Akachagua punje moja, akaitia kinywani, akatafuna. Mama huyu hakuwa ameweka chochote chetu mdomoni tangu ashuke melini. Alitafuna kwa nguvu, machozi yakimtoka kwa ule uchungu, akameza.

"Mawe!" akashangaa kwa Kihaya bibi mmoja kati ya waombolezaji, ndiyo mama wee yetu. "Bojo, kameza na ganda lake!"

Mtu akacheka. Mwingine akacheka, kile kicheko kinachomtoka mtu hajakitaka. Bi. Rehema akainyosha mikono tena, na safari hii Ta Kashaga akachukua punje, akatafuna bila haraka, akatema ganda.

"Imechemshwa vizuri," akasema. "Ya wapi?"

"Izimbya, baba."

"Nani kakufundisha kuonja?"

"Hakuna. Nilimwona bibi aliyenipa akifanya hivyo."

Akamshika mkono akamwinua. "Mrudishieni ufunguo huyo mpiga honi," akawaambia vijana, "lakini kwanza mpeni jembe." Masanja alilifukia kaburi lile kuliko mtu yeyote, shati lilimlowa mgongoni. Sisi tukatia udongo. Bwana Mshana aliifunga kamera kwenye koti lake na sikuiona tena mpaka Bukoba. Tulipoaga, Ta Kashaga alimuuliza Bi. Rehema anatoka wapi, akajibu Morogoro. "Mmekuja mbali," akasema, akarudi kukaa chini na watu wake.

Tulikwenda hadi tukakaribia Kemondo. Ndipo Bi. Rehema akaongea, akitazama nje.

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Alirudi kwangu amekonda, ugonjwa huu huu. Nilimpikia kila siku, Ma Kemi, sikumnyima. Nikaweka sahani mlangoni kwake, nikagonga, nikaondoka. Mpaka anakufa sikumgusa. Yule bibi wa Izimbya anamlisha wake kwa mkono."

Nilikuwa nimemlaani mama huyu kwa siku zote zile, na kikapu chake, na karanga zake. Nilimshika bega tu, tukaenda hivyo.

Jioni hotelini aliomba sahani ya jikoni kwetu. Alikula matoke, akala samaki, akaomba kuongezewa. Mpishi alichungulia mlangoni kuhakikisha, kisha akaenda kujifanya anakuna nazi, na siku ile hatukuwa na nazi.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza gatini. Mumewe alikuwa mbele na mizigo, anamsimulia mpagazi habari za visiwa kana kwamba mpagazi ni mgeni huku. Bi. Rehema akafungua pindo la khanga kuangalia. Punje chache zilikuwa bado zimo. Nikadhani anataka kwenda kuzipanda, nikamwonea huruma.

"Hizo haziwezi kuota, mwalimu. Zimechemshwa."

"Najua. Si za kupanda. Nampelekea mdogo wangu, nimwekee pale alipolala."

Akalifunga pindo vizuri, akalikaza kwa meno. Alipofika kwenye ngazi ya meli akageuka, nikadhani anapunga mkono, kumbe ana neno.

"Ma Kemi," akaniita juu ya kelele zote zile, "nitaonja kwanza."